Mama Miavuli Nyuma ya Kioo

Mimi silii kwa katuni. Bora niliseme hilo mapema, kwa sababu kazi yangu ni katuni, na watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda na leso mkononi. Zile katuni za Kijapani, anime, mnazoziona kwenye televisheni zikiongea Kiswahili utadhani zimezaliwa nacho, hazikuzaliwa nacho. Kuna watu wamefungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji kutoka chini hadi juu, feni imezimwa kwa sababu inanguruma, nao wanatiririka jasho huku wakijifanya malkia, majini na paka. Halafu kuna mimi, upande wa pili wa kioo, nawafokea. Kazini wananiita Pilipili, na sijawahi kuona haja ya kuuliza kwa nini.

Nina sheria moja: mdomo ukifunguka, lazima kitoke kitu. Mtu wa kwenye skrini akifungua kinywa na sauti isitoke, mtazamaji anadhani televisheni imeharibika, anainuka kuipiga kofi ubavuni. Kwa hiyo Mjapani akisema sentensi ndefu na Kiswahili chake kikawa kifupi, tunaongeza "jamani", tunaongeza "hebu nisikilize", mpaka mdomo utosheke. Sisi tunaita kulisha mdomo. Na katika kulisha midomo, sijisifu, lakini sina mpinzani.

Sauti kubwa ya pale kazini ilikuwa Shangazi. Namwita Shangazi kwa sababu ni shangazi yangu kweli, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Lakini hata wengine wote walimwita Shangazi, mpaka mlinzi wa getini ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake. Jamani, yule mwanamke alikuwa na koo! Angeweza kuwa mchawi na mtoto anayekimbizwa na mchawi huyohuyo, ukifumba macho ukawaonea huruma wote wawili. Mimi nimekulia kwenye chumba kile cha sponji, nikifanya hesabu za shule sakafuni huku yeye akizaa, akipigana vita na kunguruma kama joka.

Nyumbani alikuwa na sauti moja tu, na swali moja. Ukishika kitasa cha mlango kutoka, kabla mguu haujavuka kizingiti, unasikia kutoka ndani: "Gesi umefunga?" Hata kama hujapika. Hata kama amepika yeye. Siku ya mahafali yangu, nimevaa joho, nimepakwa mafuta nang'aa, wapiga picha wananingoja nje: "Gesi umefunga?" Mwaka niliokwenda kufanya kazi mji mwingine nilipanga chumba kisicho na jiko kabisa, nakula hotelini. Akanipigia simu. Mnajua aliniuliza nini. Nikamwambia, "Nimefunga, Shangazi," maana kubishana naye ni kujichosha bure.

Kwamba ananipenda, kwa mdomo, hakuwahi kuniambia. Silalamiki. Alinisuka, alinifokea, alinisomesha, alinifundisha kazi, na nikiumwa alikuwa analala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu mpaka shingo yake inapinda. Lakini neno lenyewe halikutoka, na mtu mzima mimi, mwenye hasira zangu na mshahara wangu, kuna siku nilikuwa nalitamani kama mtoto.

Basi akaanza kukwaruza. Tukadhani ni mafua, tukadhani ni vumbi la yale masponji. Daktari akaona uvimbe kooni. Akatueleza taratibu, kwa kalamu na karatasi, akatuchorea: wataondoa sanduku zima la sauti. Atapona, atakula, atatembea, atanifokea kwa macho. Ila hatasema tena. Shangazi akautazama ule mchoro, akamuuliza daktari kama anaweza kusubiri kidogo, kuna kazi moja anataka kuimaliza. Daktari akasema kidogo, iwe kidogo kweli.

Kazi yenyewe ndiyo hii ya Mama Miavuli.

Ni anime ya filamu moja, siyo ile mifululizo isiyokwisha. Kuna mji ambao mvua hainyeshi, inakaa. Kuna mama fundi wa miavuli, ana mtoto wa kiume. Yule mama amemshonea mwanawe mwavuli kwa vipande vilivyobaki kwenye miavuli ya wateja, kipande chekundu, cha kijani, cha maua, na mtoto anauonea aibu kufa. Wenzake wanamcheka. Kwa hiyo kila asubuhi mama anaita kutoka kwenye cherehani, "Mwavuli umechukua?" na mtoto anajibu, "Nimechukua!" kisha anaubana nyuma ya mlango na kutoka mbio, analowa mpaka mifupa. Hivyo tu. Hakuna joka, hakuna panga. Baadaye mama anaanza kukohoa, anapelekwa hospitali ya milimani kwa treni, harudi. Kituo cha televisheni kilikuwa kimetangaza kwa mabango kwamba hii ndiyo itakayowaliza watu kuliko zote, na bosi wa kituo alinipigia simu kunikumbusha kila nilipotaka kupumzika.

Tulipoanza kurekodi, mchana tulikaa kwenye ngazi za nyuma, kila mtu na kopo lake la chakula, tukabishana anime gani ina huzuni kupita zote. Masikio, fundi wetu wa mitambo, mtu anayesikia nzi akipiga mwayo, alisema ni ile ya mabaharia wa angani.

"Wanakufa wote," alisema kwa heshima kubwa. "Hata paka."

"Ile?" Shangazi akasema kwa sauti yake ya mkwaruzo. "Mle ndani nilikuwa watu watatu. Ilipofika zamu ya wa nne kufa nilikuwa nawaza chai."

Tukavunjika mbavu. Kifaranga akasema yake ni ile ya mapacha wauza barafu. Kifaranga ni mama wa watoto wawili, ana mabega ya kubebea tangi la maji, lakini Mungu kampa koo la mtoto wa miaka saba. Yeye ndiye alikuwa yule mtoto wa mwavuli. "Nililia mpaka mume wangu akadhani nimefiwa," alisema.

"Ulilia wapi?" Shangazi akamuuliza. "Pacha alipokufa?"

Kifaranga akafikiri, kijiko kikiwa hewani. "Hapana. Pale nilikuwa sawa. Ni baadaye, yule aliyebaki anakata barafu vipande viwili kwa mazoea, halafu anakaa anaviangalia."

"Umeona," Shangazi akasema, akaendelea kula.

"Kwa hiyo mnalilia barafu," nikasema mimi.

"Wewe nyamaza, ule. Kuua ni rahisi, hata mwandishi mvivu anaweza kuua watu wake wote kabla ya saa nne asubuhi akarudi kulala. Mzigo uko kwenye kumfanya mtu azoeleke. Ukishamzoea, akikosekana kwenye kitu kidogo tu umekwisha."

Nilimsikia. Nilidhani ni maneno ya chakula.

Sasa nifike kwenye kile kipande cha mwisho. Treni imesimama. Mama yuko ndani, dirisha halifunguki, mtoto yuko nje kwenye mvua bila mwavuli. Mama anaweka kiganja kwenye kioo. Anafungua mdomo, anasema jambo. Halafu mtoto anajibu, treni inaondoka. Kwenye hati tuliyoletewa kutoka kwa mtafsiri, pale mama anapofungua mdomo palikuwa patupu. Nikajua mtafsiri kazembea. Nikaangalia ya Kijapani, nako hakuna sauti, ni mngurumo wa treni na mvua. Nikasema ala, basi na wao wamezembea. Nikaushika ule mdomo nikaulisha mwenyewe. Nikaandika: "Mwanangu, nakupenda kuliko kitu chochote duniani. Usinisahau." Ukaingia sawasawa, hakuna hata irabu iliyoning'inia nje. Na jibu la mtoto, ambalo lilikuwa "Nimechukua!", nikaona halina kichwa wala miguu, nikalifanya "Nami nakupenda, mama!"

Nilijiambia ni kazi. Lakini nilipokuwa nayaandika yale maneno nilikuwa nasikia nani atayasema.

Siku ya kurekodi kipande hicho bosi wa kituo alikuja mwenyewe, na suti yake, akakaa kwenye kiti changu. Shangazi aliingia chumbani na glasi yake ya maji ya uvuguvugu. Alikuwa amebakiwa na sauti chache, tukizichota kwa kijiko. Taa nyekundu ikawaka. Mama Miavuli akaweka kiganja kwenye kioo, na Shangazi akasema yale maneno.

Sina namna ya kuwaeleza. Ule mkwaruzo wa ugonjwa uliingia ndani ya sentensi, na kwenye "usinisahau" sauti ilipasuka katikati, siyo kwa kuigiza. Kifaranga akashika kifua. Bosi akasimama, akapiga makofi, Masikio akapiga makofi, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Miaka yote ile nilikuwa naingoja sentensi ile, na sasa imesemwa, iko kwenye mashine, hakuna wa kuninyang'anya.

Nyuma ya kioo Shangazi alivua visikizi, akatutazama. Mdomo wake ukacheza, ila kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, hatukusikia kitu. Masikio akakiwasha haraka.

"...nimesema, mbona mnapiga makofi?"

"Umetumaliza, Shangazi!" bosi akapaza sauti.

"Nimewamaliza na macho yenu makavu? Mtu anayelia hapigi makofi, baba. Mikono yake ina kazi nyingine."

Bosi akacheka, akadhani ni utani wa wasanii. Akanipa mkono, akaniambia keshokutwa anataka filamu mezani, akaondoka na suti yake. Shangazi hakucheka. Jioni ile nyumbani hakuzungumza, na mimi nikadhani anatunza sauti.

Asubuhi yake alifika kazini kabla yetu wote. Tukamkuta ameketi mbele ya kipaza sauti, mikono mapajani.

"Sina sauti ya kupoteza," alisema, "kwa hiyo nisikilizeni mara moja. Pale kwenye treni, Mjapani kasema nini?"

"Hajasema kitu," nikajibu. "Kuna kioo. Mdomo unacheza tu."

"Na wewe?"

"Nimeulisha."

"Umeulisha. Haya. Huyu mama, filamu nzima, kuna mahali amemwambia mwanawe nakupenda?"

"Hakuna."

"Anamwambia nini?"

Kifaranga akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ndogo: "Mwavuli umechukua."

"Kila asubuhi. Sasa kupanda treni tu kawa mtu mwingine? Kajifunza maneno ya kadi za maua?"

Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia mtazamaji hatajua mama anasema nini. Nikamwambia watu watapiga simu kituoni kuuliza sauti imekwenda wapi. Nikamwambia nimefanya kazi hii miaka na miaka sijaacha mdomo mtupu, sitaanzia kwake.

"Atajua," Shangazi akasema. "Amemsikia tangu mwanzo, atamsomea mdomo bila kutaka. Na akishajua peke yake, bila wewe kumtafunia, atavunjika vipande, hutamwokota. Kwa nini unadhani mtoto anajibu 'Nimechukua'?"

Nikamtazama yule mtoto kwenye skrini, mikono mitupu, maji yanamchuruzika puani. Nilikuwa nimelibadilisha jibu lake kwa sababu sikuona linajibu swali gani. Mimi, bingwa wa midomo! Nilijisikia kuingia chini ya meza. Lakini aibu yangu mimi huwa haitulii, huwa inageuka hasira, na nikafungua kinywa nikasema jambo ambalo nilikuwa nalizunguka wiki nzima.

"Shangazi, hii ndiyo kazi yako ya mwisho. Unataka kuimaliza umenyamaza?"

Masikio akaanza kukagua waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Kunyamaza nitanyamaza tu, mwanangu," alisema. Wala hakukasirika. "Acha safari hii ninyamaze kwa kupenda. Washa taa."

Nikawasha taa.

Na hapa nataka mjue nilichokiona, kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wengi wakisifu sauti ya Shangazi, na hawajui kwamba kazi yake kubwa kuliko zote haina sauti. Mama Miavuli aliweka kiganja kwenye kioo. Shangazi akasogea mpaka midomo ikakaribia kugusa kipaza sauti. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuita kutoka chumba cha pili. Halafu mdomo wake ukacheza pamoja na ule wa kwenye skrini, na kilichotoka ni pumzi tu, pumzi fupi zinazogonga kitu kigumu na kurudi. Ungeapa kuna kioo mbele yake. Ungeapa unauona ukungu wake. Kifaranga akaingia, akasimama kando yake, akapiga kelele kwa lile koo la mtoto: "Nimechukua!" Ile ile ya kila asubuhi, ya haraka haraka, ya kutaka mtu aache kukuuliza.

Treni ikaondoka. Hakuna aliyepiga makofi. Masikio alivua visikizi akasema anakwenda kuangalia jenereta. Jenereta ilikuwa haijawashwa, umeme ulikuwepo. Kifaranga alikaa chini pale pale kwenye zulia akasema, "Mungu wangu, na mwavuli hana." Mimi niligeukia ukuta nikawa nahesabu masponji. Silii kwa katuni, nilishawaambia.

Shangazi alikunywa maji, akatuangalia mmoja mmoja, akaridhika.

Nilidhani yamekwisha. Saa sita bosi akapiga simu. Alikuwa amepata habari kwamba tunachezea kipande chake, sijui nani alimpelekea umbeya. "Ile ya nakupenda ndiyo ninayoitaka," alisema. "Mkirekodi nyingine kumi ni juu yenu. Nakuja saa tisa, mnipe zote, nitachagua mwenyewe."

Filamu ni yao, haki ya kuchagua ni yake. Nikamweleza Shangazi, na nilikuwa namweleza huku moyoni nafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

"Basi ifute," akasema.

"Ipi?"

"Usijifanye hujui. Asiyoikuta hawezi kuichagua."

Masikio alikuwa amerudi kutoka kwenye jenereta yake, macho mekundu. Masikio hafuti kitu. Kwenye mashine yake ana chafya ya mlinzi wa zamani, ana kikohozi cha kila mmoja wetu, ana mvua za misimu iliyopita. Akaniangalia mimi, maana mimi ndiye msimamizi, neno ni langu.

Nikaomba nibaki peke yangu na Shangazi. Wakatoka.

"Shangazi, siwezi," nikasema. "Kesho kutwa unaingia kwa daktari. Nitabaki na majoka, nitabaki na wachawi wako wote. Ile ndiyo pekee uliyosema... ile ndiyo pekee." Nikashindwa kumaliza. Halafu nikajikaza nikamaliza. "Hujawahi kuniambia. Niliiandika ili uiseme."

Nilidhani sasa atasema, siyo kwa katuni, kwangu. Mahali penyewe palikuwa pale.

"Nilijua," alisema. "Nilipoisoma tu nilijua. Ndiyo maana nikaisema vizuri vile. Ila yule siyo mimi, wala siyo huyo mama. Ukibaki nayo utakuwa unamsikiliza mtu ambaye hakukulea." Akasimama, akaikung'uta sketi yake, akafika mlangoni. "Fanya unavyoona. Mimi nakwenda kununua limau."

Nikakaa kwenye kile chumba. Niliisikiliza mara moja tena, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Na nitawaambia ukweli, safari hii masikio yangu yalikataa. Ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri mno, na ilikuwa ya Shangazi kama vile mchawi na joka walivyokuwa wa Shangazi. Nilijitahidi kumweka ndani yake yule mwanamke aliyelala kwenye kiti shingo imepinda, hakuingia. Sentensi yenyewe nilikuwa nimemtungia mimi.

Nikamwita Masikio. "Futa."

"Na nakala?"

"Na nakala."

"Na ile ambayo hujui kama ninayo?"

"Masikio!"

Akafuta zote, kila moja akiitazama kwa huzuni kama anayetupa chakula. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika kiti.

Saa tisa bosi akaja amevimba. Nikamwambia iliyopo ni moja, akae aitazame tangu mwanzo, siyo kipande. Alifoka, nami nikamfokea, na kwa kufokeana mimi nina uzoefu zaidi. Akakaa. Mama Miavuli akauliza habari za mwavuli, mara ya kwanza bosi akacheka, mara ya pili akacheka, baadaye akaacha kucheka. Treni ilipofika nilikuwa simtazami tena Mama Miavuli, namtazama yeye. Kiganja kikawekwa kwenye kioo, mdomo ukacheza mtupu. Nikaiona midomo ya bosi wa kituo, bila mwenyewe kujua, ikicheza pamoja nao. Mwavuli umechukua.

Hakusema itapita au haitapita. Alichukua filamu yake akatoka. Nilipochungulia alikuwa amesimama kwenye ngazi, suti imekunjamana, anaongea na simu: "Mama? Hapana, hakuna kitu. Nauliza tu, dawa umekunywa?"

Nilimtafuta Shangazi nimweleze, nikamkuta jikoni pa ofisini anakamua limau zake kwenye maji ya moto. Nikamwambia nimefuta. Akaitikia kwa kichwa. Nikamweleza habari ya bosi na midomo yake na mama yake. Akacheka, ile sauti yake mbovu ikakatika katikati, akacheka na mabega. Nilijivunia kuwa mtoto wa mwanamke yule kiasi kwamba nikaanza kumgombeza kuhusu mbegu za limau alizozimwaga kwenye sinki.

Asubuhi ya hospitali tulichelewa, kwa sababu yangu. Masikio alitupeleka kwa gari lake, honi inapigwa nje, mimi narudi ndani mara kufuata kanga, mara kufuata kandambili, mara kadi ya daktari, birika la chai liko juu ya jiko, Shangazi tayari yuko kwenye gari anapiga dirisha kwa kidole. Njiani Masikio hakufunga mdomo, alikuwa na woga. Shangazi aliangalia nje. Nami nilikuwa nasubiri. Pamoja na yote niliyojifunza kwenye kile chumba, bado nilikuwa nasubiri neno.

Wodini alizungumza na muuguzi kuhusu viatu vyake, kwamba vitamuumiza kisigino. Alimwambia Masikio aache soda. Mimi akanitengeneza kola. Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsukuma kwenye korido ndefu, mimi pembeni nimeshika chuma cha kitanda, mpaka kwenye milango ya kioo ambako muuguzi aliniambia mwisho wangu ni hapo. Kitanda kikapita. Milango ikajifunga.

Alipokuwa hatua chache ndani, nikamwona anamshika muuguzi mkono. Kitanda kikasimama. Akainua kichwa kutoka kwenye mto, akageuka, akanitafuta mpaka akanipata. Mdomo wake ukafunguka. Alikuwa na sauti bado, aliitumia, niliona shingo ilivyokaza. Kioo kilikuwa kinene, sikusikia hata chembe.

"Nimefunga!" nikapiga kelele. Korido nzima ikageuka, kuna mtu akaangusha faili. "Nimefunga, Shangazi!"

Akaniangalia kidogo zaidi, kuhakikisha. Kisha akalaza kichwa, ametulia, wakamsukuma mpaka kona ikamficha.

Masikio alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kanga na kandambili. Yeye anayesikia nzi akipiga mwayo, safari hii hakuwa amesikia kitu.

"Amesema nini?"

"Ameuliza kama nimefunga gesi."

Akafikiri. "Na umefunga?"

Nikajaribu kuikumbuka ile asubuhi, birika, jiko, mkono wangu, honi.

"Sijui," nikamwambia, na hapo ndipo nilipolia.